Kisa cha mgumu aliyepiga akiwa amefumba macho

Jumatano moja ya mwezi Februari, katika ukumbi wa kukodi tunamofanyia mazoezi ya karate upande wa Majengo hapa Moshi, mwanafunzi wangu mmoja mwenye mkanda wa kijani alimpiga mwenzake ngumi iliyompasua mdomo wa juu, na matone mawili ya damu yakaanguka kwenye ukosi wa gi yake nyeupe, yaani vazi la karate. Zoezi lilikuwa la pambano jepesi, na kanuni ya pambano jepesi anaijua kila anayevua viatu mlangoni: ngumi husimama upana wa kidole kabla ya uso, au hugusa na kurudi. Aliyepigwa ni dada wa miaka 42, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtulivu ambaye katika miaka yake mitano ya mazoezi sikuwahi kumsikia akilalamika. Aliyepiga ni kijana wa miaka 31 ambaye kazi yake ni kubeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya wote wawili, na nimebadili mambo machache yasiyogusa kiini ili wasitambulike mtaani. Kijana nitamwita Mgumu, kwa sababu wapagazi wa mlimani huitana wagumu, na kwa sababu jina hilo, kama itakavyoonekana, lilikuwa sehemu ya kilichomsumbua.

Jambo la kwanza ninalopaswa kulisema ni kwamba siku ile nilikisoma kisa vibaya. Niliona hasira. Nilisimamisha zoezi, nikamwamuru Mgumu apige magoti ukutani, na mbele ya darasa zima nikamwambia kwamba ugumu wake auache mlimani, getini Machame, humu ndani hatuuhitaji. Aliinama, akasema, "Ndiyo, mwalimu," akakaa pale hadi mwisho, akaikunja gi yake taratibu kuliko kawaida, akaondoka. Wenzake walipokuwa wakifagia, yule dada alinijia akiwa na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, akaniambia jambo ambalo lilinipasa kuliona kwa macho yangu mwenyewe: "Mwalimu, alikuwa amefumba macho kabla hajanipiga."

Mwenye hasira hukodoa macho, kwa kuwa anataka kuona ngumi yake inakofika. Anayefumba macho anakipiga kitu ambacho hataki kukiona kikimkaribia. Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua daftari ninaloandikia maendeleo ya wanafunzi, nikarudi nyuma kurasa za miaka mitatu, tangu siku Mgumu alipojiunga, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba sikuwa nimeandika habari za mtu bali za misuli. "Ana nguvu." "Anavumilia." "Sanchin nzuri sana." Kila sifa niliyompa ilikuwa sifa ya mpagazi.

Hapa inafaa nieleze kidogo mtindo tunaoufundisha, kwa kuwa bila hiyo kosa langu halitaeleweka uzito wake. Ni Goju-ryu ya Okinawa, kisiwa cha Japani, iliyoasisiwa na Chojun Miyagi, aliyezaliwa Naha mwaka 1888 na kufariki mwaka 1953. Go ni ugumu na ju ni ulaini, na jina hilo lilichukuliwa kutoka katika mstari wa shairi la kale la Kichina linalohusisha ugumu na ulaini na kutoa na kuvuta pumzi. Wanafunzi wengi huja kwa ajili ya nusu ya kwanza ya jina. Kata, yaani mfuatano uliopangwa wa mienendo ya karate ambao mtu huufanya peke yake, iliyo ya msingi ni Sanchin, ambayo maana yake huelezwa kuwa ni vita vitatu, yaani vya akili, vya mwili na vya pumzi: hatua chache, misuli yote ikiwa imekazwa, pumzi ikisikika tumboni. Mgumu aliipenda tangu wiki ya kwanza. Hata neno lenyewe alilipokea kwa furaha, kwa kuwa kwake kata ni ile nguo inayokunjwa mviringo na kuwekwa kati ya kichwa na mzigo. Wala sidhani kwamba alikosea sana, kwa sababu kwa muda mrefu Sanchin ilimfanyia kazi hiyo hiyo, ya kuufanya mzigo ubebeke bila kuutua.

Katika Sanchin kuna kipimo kiitwacho shime. Mwanafunzi husimama kifua wazi, mwalimu akamzunguka na kumpiga makofi mabegani, mgongoni na mapajani ili aone kama mwili umejikusanya mahali panapostahili. Mgumu hakuwahi hata kupepesa. Nilimfanya mfano kwa wengine mara nyingi. Baadaye sana, tulipokuwa tumeanza kuzungumza kwa uwazi, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wakati wa shime huwa hayupo. Nilimuuliza ana maana gani. Akasema, "Mwalimu, pale unapiga ukuta. Mimi nimeshaondoka." Nilichokuwa nimekiandika kama uvumilivu kilikuwa njia yake ya kutoroka, na mimi, kwa kumsifu, nilikuwa nimemfungulia mlango.

Baada ya siku ile ya damu hakuonekana kwa wiki tatu. Wiki moja alikuwa mlimani. Mbili alikuwa nyumbani kwake Pasua. Nilimpigia simu mara mbili bila kupata jibu, kisha nikamtuma kaka mmoja mkubwa wa dojo, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, anayesali naye. Alikuja Jumapili alasiri. Nilimpa kiti akakataa, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza changu. "Shikamoo, mwalimu." Nilipokwisha kuitikia marahaba nilitangulia kumwomba radhi kwa maneno niliyomwambia mbele ya watu, kwa sababu nilikuwa nimetambua kwamba nisipoanza mimi, yeye hataanza. Alinyamaza muda mrefu, akiokota vijiwe na kuvirudisha palepale. Kisha akauliza, akitazama chini: "Mwalimu, wewe umewahi kubebwa?"

Alinisimulia safari aliyoifanya miaka miwili kabla ya hapo, pamoja na msafara wa njia ya Machame. Kichwa kilianza kumuuma kambi ya Karanga, iliyo kwenye mita zipatazo 4,000. Usiku alitapika nyuma ya mwamba na kuyafukia matapishi kwa changarawe ili mpishi asiyaone asubuhi. Sababu za kuficha anazijua kila aliyewahi kusimama getini alfajiri akisubiri jina lake liitwe: anayeshushwa katikati ya safari huhofia kukosa malipo ya siku zilizobaki na fungu lake la tipu, na zaidi ya hayo huhofia kwamba safari ijayo ataitwa mwingine. Basi akabeba. Mizani ya getini ilikuwa imempimia mzigo usiozidi kilo 20 kama kanuni inavyotaka, lakini kanuni haina mizani ya kichwa kinachogonga. Alifika Barafu, juu ya mita 4,600, akiyumba kama mlevi, na kuyumba huko watu wa mlimani wanakujua: ni dalili kwamba huenda ubongo umeanza kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka saa hiyo hiyo. Kiongozi wa msafara, ambaye Mgumu humshukuru hadi leo, hakubishana naye. Alilazwa kwenye machela ya gurudumu moja, akafungwa mikanda kifuani, mapajani na kwenye vifundo vya mikono ili mikono isining'inie na kugonga mawe, na wenzake sita wakateremka naye mbio kwa njia ya Mweka.

Alikuwa na fahamu muda wote. Alijaribu kunyanyua mkono wa kushoto ili afute mate yaliyokuwa yakimtoka kinywani, mkanda ukamkatalia. Hapo ndipo aliposikia mmoja wa waliombeba, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akisema huku akihema: "Leo mgumu kalegea."

Hakusema kwa ubaya, na pengine msemaji hakumbuki kwamba alisema. Lakini kwa maoni yangu kisa chote kimo katika sentensi hiyo na katika mkanda ule wa kushoto. Mgumu hakuogopa kupigwa. Mtu aliyeanguka na mzigo kwenye matope ya Mweka mara nyingi kiasi kile haogopi ngumi ya dada wa kilo 60. Alichoogopa ni mtu kumkaribia kiasi cha kumshika, kwa kuwa kushikwa kulikuwa kumeungana mwilini mwake na kuonekana amelegea mbele ya watu ambao heshima yake kwao ilijengwa juu ya kutolegea. Kwenye kata hakuna anayekugusa. Kwenye shime anayekugusa hutarajii kumjibu, hivyo unaweza kuondoka. Kwenye pambano mtu huingia ndani ya urefu wa mkono wako akiwa anakutazama usoni, na huwezi kuondoka. Ndiyo maana dada yule, aliyekuwa amenyoosha mkono wa kulia na kuugusa kwa bahati mbaya mkono wa kushoto wa Mgumu, alipokea ngumi ambayo haikumhusu.

Kile mwili ulichofanya pale kina maelezo ya zamani. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama anayekabiliwa na hatari anavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo husimamisha kazi yake. Kwenye machela Mgumu alikuwa na maandalizi hayo yote na hakuwa na pa kuyapeleka, kwa sababu hakuweza kupigana wala kukimbia. Hofu ya namna hiyo haielewi kwamba safari imekwisha. Inasubiri mguso unaofanana na ule, na unapokuja inatoa jibu lililokawia miaka miwili. Nilipomtazama upya kwa makini, baada ya kurudi dojo, niliona mfuatano huo huo kila mara, na ulichukua muda mfupi kuliko kulitamka neno: pumzi inabanwa, mabega yanapanda kuelekea masikioni, macho yanafumba, ngumi inatoka. Ngumi ilikuwa ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeadhibu kitu cha mwisho.

Nilimshauri kwanza aende kliniki ya afya ya akili katika hospitali, kwa sababu alikiri kwamba usiku huamka akivuta mkono wa kushoto, na mwalimu wa karate anayedhani kwamba mkeka wake unatosha kwa kila jambo ni mtu wa hatari. Alienda. Huko alikutana na mshauri aliyemsikiliza mara kadhaa, na nilifurahi kusikia kwamba ushauri aliopewa haukupingana na tulichotaka kufanya, ambacho msingi wake si wetu wala si wa Okinawa peke yake. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimwondolea mtoto mmoja hofu ya sungura kwa kumsogeza sungura karibu hatua kwa hatua wakati mtoto anakula chakula alichokipenda, na katika miaka ya 1950 daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliijengea njia hiyo utaratibu kamili kwa watu wazima. Kiini chake ni kwamba mtu hukutana na anachokiogopa kwa kipimo anachokimudu, mwili ukiwa umetulia, mara nyingi, hadi mwili wenyewe ujionee kwamba kilichotarajiwa hakikuja.

Goju-ryu ina zoezi linaloendana na njia hiyo kikamilifu, na linanisikitisha kwa sababu katika dojo nyingi hufanywa dakika tano za mwisho watu wakiwa wamechoka. Linaitwa kakie. Watu wawili husimama wakitazamana, mguu wa mbele karibu na wa mwenzake, vifundo vya mikono vikigusana, na mmoja husukuma polepole kuelekea kifua cha mwingine ambaye hupokea, hugeuza kiganja na kusukuma kurudi. Mikono haiachani. Hakuna ngumi. Mtu mgeni akichungulia dirishani atadhani wawili hao wanasaga kitu kisichoonekana. Kwa Mgumu zoezi hilo lilikuwa zito kuliko Sanchin mia, na miaka mitatu nilikuwa nimemruhusu alifanye haraka haraka, kwa mkono wa kulia tu, huku anatazama ukuta.

Tulianza katikati ya Machi. Masika ilikuwa inaingia, misafara ilipungua, na hilo lilitupa karibu wiki nane bila yeye kutoweka. Mwanafunzi ambaye kazi yake humchukua siku saba kwa mkupuo huwezi kumjengea jambo la hatua kwa hatua msimu wa wageni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuja saa kumi na moja jioni, saa nzima kabla ya wenzake. Mkono wa kulia, macho wazi kwenye macho yangu, na kila ninaposukuma yeye anatoa pumzi ndefu kupitia kinywani, kwa kuwa pumzi inayotolewa taratibu hupunguza mapigo ya moyo na kwa kuwa mtu anayetoa pumzi hawezi wakati huo huo kuibana. Niliongeza sharti moja ambalo nililiona dogo: kila jioni aseme "tosha" mara tatu, kwa sauti, wakati wowote anaotaka, hata kama hajisikii vibaya, na mara akisema mimi naachia.

Sharti hilo dogo ndilo lililokuwa mlima wenyewe. Jioni ya kwanza mikono yetu ilizunguka kwa dakika nyingi, mvua ikipiga bati, nikaona midomo yake ikifanya umbo la neno bila sauti kutoka. Koo lilipanda na kushuka. Nikangoja. Midomo ikafanya tena. Mara ya tatu ikatoka sauti nyembamba ambayo sijui kama mtu aliyekuwa hatua mbili kutoka pale angeisikia, nikaachia mikono yake papo hapo na kurudi nyuma. Alibaki amesimama, mikono hewani, akinitazama kama mtu aliyefungua mlango alioamini umepigiliwa misumari. Hakuna kitu nilichomfundisha katika miaka mitatu kilichokuwa na thamani ya sekunde ile.

Nimekwisha kusema nilivyokosea mara ya kwanza. Nilikosea tena, na kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa kuwa sasa nilijua. Wiki ya nne mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilitaka kuona matunda. Tulikuwa tumefika mkono wa kushoto, mguso tu, juu ya mkono wa gi. Katikati ya zoezi, bila kumwambia, nilifunga vidole na kukishika kifundo chake. Hakunipiga. Aliganda: macho wazi, hayaoni, jasho likamtoka juu ya mdomo, na nilipoachia alitoka nje bila kuinama mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama kwenye bomba la uani akiacha maji yamtiririkie mkononi. Haraka yangu ilikuwa imemfunga mkanda tena. Anayemsaidia mwingine kukutana na hofu huwa anashawishika kudhani kwamba kasi ni ujasiri, na kwamba kushtukiza kunamwandaa mtu kwa maisha halisi. Kunamwandaa kutomwamini.

Wenzake walipofika niliwapanga mstari, nikawaeleza kwamba jioni ile nimemfanyia mwanafunzi jambo ambalo tulikubaliana nisilifanye, na kwamba kosa ni langu. Sikueleza zaidi, kwa kuwa habari ya machela ni yake. Kisha nikamwomba Mgumu anishike mimi. Nina goti la kulia lililoumia zamani, na kwa miaka mingi nilikuwa nikipanga masomo yangu kwa ujanja ili mwanafunzi yeyote asigundue kwamba siwezi kuchuchumaa upande huo. Nilimwambia anisukume upande huo katika kakie, mbele ya wote, na goti lilipokataa nilisema "tosha" kwa sauti ya kusikika. Ukumbi ulikuwa kimya. Naandika hili kwa sababu naamini kwamba lilikuwa na uzito kuliko wiki zote zilizotangulia: mtu aliyefundishwa kwamba heshima hupotea mtu anapolegea alihitaji kumwona anayemheshimu akilegea na heshima ikabaki ilipokuwa. Sikupaswa kungoja kosa ndipo nifanye hivyo.

Kuhusu yule dada, nakiri kwamba nilimsahau. Macho yote yalikuwa kwa aliyepiga. Mdomo ulipona kwa siku kumi, lakini mwezi wa Mei ndipo aliponieleza kwamba tangu Februari anarudisha kichwa nyuma kila mtu anaponyanyua mkono karibu naye, hata mtoto wa darasa la tatu aliyenyoosha mkono kujibu swali la hesabu. Alikuwa ameendelea kuja mazoezini bila kusema, na mimi nilimhesabu kuwa mtulivu. Ugumu, kumbe, hauhitaji kubeba mizigo mlimani. Yeye ndiye aliyependekeza afanye kakie na Mgumu. Mimi nisingethubutu kumwomba. Alimwambia, "Kaka, twende polepole. Ukisema tosha naacha, nami nikisema tosha unaacha." Jioni ya kwanza walisema neno hilo mara nyingi kuliko walivyosukumana, na kila mara mikono ilirudi kugusana. Mgumu alitaka kumwomba radhi tena kwa ajili ya Februari, na dada akamkatiza akamwambia amtazame machoni, inatosha.

Kufikia Juni, wageni walipoanza kufurika na safari kurudi, tulikuwa tumefika mkekani. Analala chali, mwenzake anamkalia kiunoni na kumshika mikono yote miwili, na kazi yake pekee ni kubaki pale, macho wazi, akihesabu pumzi sita za kutoa kabla ya kuanza kujinasua. Wanafunzi wapya hudhani sehemu ngumu ni kujinasua. Tuliongeza pia Tensho, kata nyingine ya pumzi iliyotungwa na Miyagi, ambayo viganja vyake huzunguka kwa ulaini, na niliifanya sharti kwake kwamba asiingie Sanchin kabla ya kuipitia Tensho. Aliichukia kwa mwezi mzima. Alisema inamfanya ajione mikono yake ni ya mtu mwingine.

Walimu wenzangu wawili niliowasimulia kisa hiki walinipinga, na hoja yao siidharau. Wanasema kwamba watu huja dojo kujifunza kuwa imara, kwamba nikimfundisha mtu kusema "tosha" ninamfundisha kushindwa, na kwamba huko nje mwizi hasikii neno hilo. Mwizi hasikii, ni kweli. Lakini Mgumu wa Februari, akikutana na mwizi, angempiga hewani akiwa amefumba macho na kubana pumzi, na hicho ndicho nilichokuwa nimekiita uimara. Mtu asiyeweza kukaa na hofu yake katika ukumbi wenye taa, mbele ya watu wanaomtakia mema, sioni atakaa nayo vipi gizani. Na huko mlimani, ambako ndiko maisha yake halisi yaliko, anayeficha kwamba ameishiwa anaweza kufa kwa ajili ya jina.

Hakupona kwa maana ya kwamba jambo limekwisha. Mguso wa ghafla kwenye kifundo cha kushoto bado humpandisha mabega. Tofauti ni kwamba sasa anayasikia yakipanda, na mara nyingi pumzi hutoka kabla ya ngumi. Katika pambano jepesi amekuwa polepole, na kwa mara ya kwanza amepigwa, kwa kuwa hapo awali hakumruhusu mtu kukaa karibu kiasi cha kumpiga. Mkanda wa bluu sijampa, naye hajauuliza. Bado anaamka usiku mara chache, na kliniki anaendelea kwenda akiwa mjini.

Mwezi wa Agosti alipata safari ya siku saba kwa njia ya Machame. Nilimtarajia arudi mazoezini Jumatatu ya wiki iliyofuata. Lakini Ijumaa ya wiki ileile ya safari, saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamekwisha kujipanga, alisimama mlangoni akiwa na gi mkononi, uso umechomwa na jua, akainama, akaomba ruhusa ya kuingia. Nilimuuliza kulikoni, mbona mapema. Kulikuwa na watu 14 kwenye mstari, na dada yule alikuwa miongoni mwao. Akajibu kwa sauti iliyofika hadi ukuta wa nyuma: "Mwalimu, kichwa kiliniuma Karanga. Nilimwambia kiongozi, nikashuka."

Nilimwambia aende akavae.